Waragi Kabla ya Vita

Ukikaa kaunta mjini Jinja ukaagiza Nile, hakuna atakayekuelekeza mtoni. Mhudumu atakuuliza tu: baridi au ya moto? Ya moto maana yake haijalala kwenye friji. Bia hiyo hupikwa Njeru, ng'ambo ya pili, katika kiwanda cha miaka ya 1950, enzi ile bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, mwaka 1954. Mto wenyewe Wasoga huuita Kiyira. Kwa hiyo hapa Nile ni chupa.

Neno lililotoka mbali zaidi liko rafu ya juu: waragi. Asili yake wanywaji watakusimulia hata usipouliza. Askari wa Kiingereza, wakati wa vita, walionja pombe ya kienyeji wakaipa jina "war gin", jini ya vita, na ulimi wa wenyeji ukafanya kazi yake. Hadithi tamu, tena inakaa vizuri mezani. Lakini Waacholi huiita pombe hiyohiyo arege. Waturuki wana rakı yao. Waarabu wana araki, na Kiswahili nacho kililiokota neno hilo kwao. Ukoo wote huo hauwezi kuwa umezaliwa na Mwingereza mmoja mwenye kiu.

Kwa Kiarabu, araki ni jasho. Simama kando ya pipa la mpishi wa pombe uone kwa nini. Pombe ya ndizi inachemka, mvuke unapanda na kupita kwenye mrija wa shaba uliozamishwa katika maji baridi, na upande wa pili unatoka ukidondoka, tone, kisha tone, kama paji la uso la mkulima saa sita mchana.

Nani alilileta neno hilo huku? Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka, pamoja na wake na watoto wao. Miaka sita baadaye baadhi yao, wamechoshwa na safari zisizoisha na ujira duni, waliasi na kujifungia katika ngome ya Luba, hukohuko Busoga. Waliobaki watiifu waliishia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Vizazi vyao, Wanubi, walikaa kwenye miji ya kambi, wakisema Kiarabu chao cha Kinubi, na wanawake wao wakasifika kwa kukeneka pombe kali. Hata Kibera, Nairobi, watu walizoea kuiita jini ya Kinubi. Mimi naifuata njia hii, maana ina nyayo. Hiyo jini ya vita naiona kama mzaha wa mtu aliyejua Kiingereza.

Kisha sheria ikaingia baa. Mwaka 1965 serikali ilitaka kila anayepika enguli, jina lingine la kinywaji hicho, awe na leseni na kuiuzia Uganda Distilleries, nayo iisafishe na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Kinywaji kimoja kikapata majina mawili: chenye lebo na kisicho nayo. Kile kisicho na lebo kiliendelea kuuzwa kwa majina ya miji, Kasese au Lira-lira.

Mbale, chini ya Mlima Elgon, kaunta si lazima. Malwa, pombe ya wimbi, huwekwa chunguni katikati, wanywaji wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani kisichopitisha makapi. Mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya imbalu, vyungu huwa vingi zaidi. Na huku neno moto halina utani wa Jinja: mwenye chungu huja na birika la maji yanayochemka, anamimina juu ya makapi, mirija inarudi kazini. Anamimina tena, na tena, mpaka kinachopanda mrijani kina ladha ya maji matupu, na mmoja baada ya mwingine wanachomoa.