Talaka mbele ya Leta: namna ya kuiomba na kutafuta hati zake katika teritwari zetu

Katika makanisa yetu ya mashambani watu huingia ndoa kwa milango mitatu: mahari mbele ya jamaa, hati kwa ofisi ya etasivili, na baraka kanisani. Wanapoachana, wengi hutoka kwa mlango mmoja tu, wakadhani wametoka nyumba yote.

Mama mmoja wa parokia yetu aliachwa na bwana yake zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wakubwa wa jamaa zote mbili walikaa, mbuzi wakarudishwa, karatasi ikaandikwa, watu wakatia vidole. Sisi wa baraza la wazee tulitia muhuri wa parokia chini yake, tukiona tunasaidia. Miaka ikapita, akapata mwanaume mwenye heshima, aliyefiwa na bibi yake, nao wakaenda kwa ofisi ya sheferi kuandikisha ndoa. Karani akafungua rejista, akakuta jina la mama yule: mke wa mtu. Karatasi yenye muhuri wetu aliisoma mpaka mwisho, kisha akairudisha juu ya meza. Tulipaswa kujua jambo hili, na hatukulijua vema. Ndiyo sababu tumeuliza, tumesoma, na leo tunaandika.

Hatuandiki ili kufundisha watu kuachana. Kila mchungaji anajua ni usiku ngapi ametumia katikati ya bwana na bibi wenye hasira. Lakini aliyekwisha kuachwa, na watoto wake, wanahitaji kujua wanasimama wapi.

Sheria inasema nini

Sheria ya familia ya inchi yetu ni namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987. Ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, watu wawili wangali hai, ndoa yao inavunjwa na juji peke yake, kwa hukumu. Bwana kumfukuza bibi na kutupa vitu vyake inje si talaka. Kurudisha mahari si talaka. Barua ya wakubwa wa jamaa, ya mwami, au ya kanisa, hata ikiwa na mihuri mitano, si talaka. Inaweza kusaidia kumwonyesha juji mambo yaliyotokea, basi.

Tribinali yenye kazi hiyo ni tribinali ya amani. Sheria ya mwaka 2013 juu ya tribinali za inchi imeweka mikononi mwake mabishano ya ndoa na jamaa, pamoja na urithi na mashamba ya kimila. Juji anapotumia desturi za watu wa mahali, anakaa pamoja na wazee wawili wanaozijua desturi hizo, ili hukumu isiwe ngeni kabisa machoni pa jamaa.

Kila teritwari ingepaswa kuwa na tribinali yake ya amani. Sisi tunaoishi huku tunajua hali ilivyo: pengine iko kwa kituo cha teritwari, siku mbili kwa miguu, pengine jengo lipo na majuji hawapo. Hapo msubiri, au mwulizie, mahakama ya kutembea, ile majuji wanatoka mjini na kuja kukaa mahali kwa siku chache ili kusikiliza mashauri. Tangazo lake likifika kwa sheferi, lisomwe kanisani siku ya Yesu Mungu pamoja na matangazo mengine. Lina faida kuliko matangazo mengi tunayosoma.

Kuomba

Mwenye kutaka talaka anakwenda mbele ya mkubwa wa tribinali ya mahali anapokaa mwenzake, au ya mahali walipokaa mwisho pamoja kama bwana na bibi. Hapa mama wengi hukwama. Amekimbilia kwa wazazi wake katika teritwari nyingine, na anafikiri ataomba kule alipo. Hapana. Itambidi arudi kule alikotoka, au kule bwana alikohamia. Kwa hiyo, kabla ya kupanga safari, ulizeni kwanza huyo bwana anakaa wapi leo.

Ombi linaweza kuandikwa au kusemwa kwa mdomo, na sababu zitajwe. Asiyejua kusoma asizuiliwe na mtu yeyote kwa neno hilo. Maneno yake yatapokelewa na kuandikwa. Avoka anasaidia, lakini mtu anaweza kuanza bila avoka. Achukue hati ya ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, kadi ya uchaguzi au kitambulisho kingine, na majina ya watu walioona mambo kwa macho yao. Tunaongeza jambo moja tulilojifunza kwa uchungu: aandike pia orodha ya mali waliyopata pamoja, shamba, nyumba, mashini, ng'ombe, kabla vitu havijaanza kuhama usiku.

Kuna franga za kutoa kwa grefi, na ziombewe risiti. Aliye maskini kweli anaweza kutafuta hati ya umaskini kwa watawala wa mahali na kuomba aondolewe gharama. Wengi hawajui neno hilo, wanauza mbuzi wa mwisho.

Kisha juji anawaita wote wawili ili kujaribu kuwapatanisha. Wanakuja wenyewe, hawatumi ndugu. Anaweza kuwapa muda wa kuwaza na kuwaita tena. Kwa upande wetu tunapenda sana hatua hii, na tumeona watu wakirudi nyumbani kutoka hapo, si wengi, lakini tumeona. Ni hapa msaada wa mchungaji una nafasi yake. Lakini mchungaji asiende huko kama avoka wa upande mmoja, na asimwambie mama aliyepigwa mpaka kuvunjika mkono kwamba kupatana ni kurudi kulala chini ya mkono uleule.

Wasipopatana, shauri linaingia kwa kikao. Neno ambalo juji anatafuta ni moja: je, muungano wao umeharibika hata hauwezi kutengenezwa tena? Hatoshwi na kusikia «simtaki tena». Anatazama mambo yaliyotendeka, na katika hukumu yake anapaswa kueleza ni mambo gani yamemfanya aamini hivyo. Wakati shauri linaendelea anaweza kuamua kwa muda nani atakaa na watoto, nani atabaki nyumbani, na nani atatoa chakula. Msingojee hukumu ya mwisho ndipo mwombe hayo. Watoto hawangojei kula. Hukumu yenyewe itasema juu ya watoto, kwa kutazama faida yao, na juu ya kugawa mali. Habari ya mahari kurudishwa ama kutorudishwa inatazamwa kufuatana na desturi.

Na wale waliobarikiwa kanisani tu, bila ofisi? Mbele ya Leta baraka peke yake haifanyi ndoa, kwa hiyo hakuna talaka ya kuomba. Lakini watoto wasipotee kwa sababu hiyo: sheria yetu inataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, na hairuhusu mtu kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au inje. Wale waliotoa mahari mbele ya jamaa bila kuandikisha wako katika hali nyingine. Ndoa yao ni ndoa, lakini mbele ya watu wengine nguvu yake inaonekana inapoandikishwa, na tribinalini wataombwa kuonyesha kwamba ilikuwako. Waende kwanza kuuliza kwa grefi ni uthibitisho gani watahitaji.

Hukumu imetoka, kazi haijaisha

Hapa ndipo mafaili mengi hufia. Mtu anasikia juji ametamka, anafurahi ao analia, anarudi kijijini mikono mitupu. Miaka inapita. Hukumu inapaswa kupelekwa kwa njia ya sheria kwa upande wa pili, muda wa kukata rufaa upite, na grefi ya tribinali ya juu itoe karatasi inayoshuhudia kwamba rufaa haikukatwa. Kisha neno la hukumu linapelekwa kwa ofisi ya etasivili, linaandikwa pembeni mwa hati ya ndoa na pembeni mwa hati za kuzaliwa za hao wawili. Maandishi hayo madogo ya pembeni ndiyo karani wa sheferi atatafuta siku mtu anapotaka kuoa ama kuolewa tena. Yule mama wetu hakuwa nayo, kwa sababu hakuna juji aliyewahi kusikia jina lake.

Basi, mwenye kutafuta hati ya talaka ya zamani, yake ama ya wazazi wake, atafute mahali pawili. Pa kwanza ni grefi ya tribinali iliyokata shauri. Huko mashauri ya raia yanaandikwa kwa namba inayoanza na herufi RC. Mwenye namba hiyo anapata faili upesi. Asiye nayo aje na majina kamili ya wote wawili, kama yalivyoandikwa wakati ule, pamoja na mwaka, hata wa kukisia. Majina yetu ni shida: mtu aliolewa kwa jina la ukoo, akahukumiwa kwa jina la ubatizo, na leo anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Andikeni yote matatu. Aombe nakala iliyotiwa sahihi na muhuri na grefye. Foto ya simu haitoshi mahali popote.

Pa pili ni ofisi ya etasivili ilipoandikishwa ndoa: kwa mji ni komini, kwa mashamba ni sekta ao sheferi. Hapo anaomba nakala ya hati ya ndoa yenye maandishi ya pembeni. Kama pembeni ni peupe na hukumu ipo, kosa ni la kuandikisha tu; nakala ya hukumu na ile karatasi ya grefi vitalitengeneza, bila kuanza shauri upya.

Lakini rejista zetu zimeona mengi. Kuna ofisi zilizochomwa, nyingine zilikimbiwa na makaratasi yakafungiwa maandazi sokoni, nyingine zimeliwa na mchwa bila vita yoyote. Kama ofisi haina kitu, msikate tamaa mlangoni. Waulizeni kama nakala ya rejista ilipelekwa kwa grefi. Isipopatikana hata huko, tribinali ya amani inaweza kutoa hukumu ya supletifu kushika mahali pa hati iliyopotea. Msinunue hati kwa vijana wanaokaa inje ya ofisi wakiwa na mihuri katika mfuko. Karatasi hiyo itaonekana siku ya urithi, na atakayelia ni mtoto.

Yule mama alikwenda tribinali na kusema maneno yake kwa mdomo. Ilibidi asafiri mpaka mji ambako bwana yake wa kwanza anaishi na bibi mwingine, na kikundi cha wamama kilimchangia nauli ya lori. Faili lake lina namba sasa. Bwana alikuja kwa kikao cha kwanza, hakukana kitu, akaomba tu asilipishwe. Mchumba anangoja, amesema amekwisha kuzoea kungoja.

Baraza letu la wazee lilikaa juu ya jambo hili. Muhuri wa parokia tunautia kwa barua za ubatizo, za ndoa zilizobarikiwa na za kuhamia kanisa lingine. Kwa karatasi za kuachana tumeacha. Anayekuja nayo tunamwandikia upande wa nyuma jina la tribinali ya amani iliyo karibu na siku ambazo grefi inafunguliwa.