Mumiani Darasani

Wengi waliokulia katika miji ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni walionywa wasitembee ovyo baada ya magharibi, wasije wakakamatwa na mumiani. Ilisemekana kuwa kulikuwa na watu walionyonya damu ya binadamu na kuiuza ili itengenezwe dawa. Walimu aghalabu huzifukuza ngano za namna hii mlangoni mwa darasa, wakiziona kuwa upuuzi. Makala haya yashika njia nyingine: mtoto akiongozwa kuichunguza ngano hii, atajifunza kusoma, kutafiti na kuchora, na zaidi ya hayo atajifunza kuyapima maneno kabla ya kuyaamini.

Tuanze na neno lenyewe. Hapo kwanza mumiani lilikuwa jina la dawa. Asili yake ni Uajemi, nalo lina uhusiano na neno la Kiajemi lenye maana ya nta. Asili hiyo hiyo ndiyo iliyozipa lugha za Ulaya jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Na huko Ulaya, kwa karne kadhaa, unga wa maiti hizo uliuzwa kama dawa. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson yaeleza kuwa mumiani ni kitu cheusi mfano wa gundi, kilichotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kisha yaongeza kwamba wengi walisadiki kuwa ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ulipozuka watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wasomewe maelezo hayo, kisha waulizwe: lipi hapa ni jambo lililoonekana, na lipi ni jambo lililosadikiwa tu? Mtoto awezaye kutenganisha "ni" na "yasemekana" ameanza kusoma kwa ufahamu.

Somo la pili ni utafiti. Ngano hii ilisafiri pamoja na lugha yetu. Nairobi wanyonya damu waliitwa wazimamoto; Waganda wa Kampala walilichukua neno hilo wakalitamka bazimamoto. Katika Katanga waliitwa batumbula, jina linalokaribiana na kitenzi chetu kutumbua. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Uganda na Kenya na kutoa kitabu juu yake mwaka 2000, hakushughulika kuthibitisha kwamba damu ilinyonywa. Aliuliza kwa nini watu walisimulia hivyo. Masimulizi yenyewe yalijaa magari, mashimo, sare na kazi za siri, yaani mambo ya utawala mgeni ambayo watu waliyaona pasipo kuelezwa maana yake. Zilikuwa pia zama ambazo waganga wa serikali walitoa watu damu ili kupima maradhi kama malale.

Wanafunzi nao waweza kufanya utafiti huo kwa kadiri yao. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwamkie kwa adabu, amwombe ruhusa, na amsikilize bila kumkatiza. Kisha aandike majibu ya maswali manne: Ulisikia kwa nani? Wapi? Mwaka gani? Je, wewe mwenyewe uliona nini? Swali la mwisho ndilo nguzo ya kazi yote. Baadaye masimulizi yote yasomwe darasani, na palipo na hitilafu pajadiliwe.

Somo la tatu ni uchoraji. Mtoto achore tukio kwa kufuata maneno ya msimulizi mmoja tu, asizidishe wala asipunguze. Gari lilikuwa la rangi gani? Shimo lilikuwa wapi? Mkono utakapokwama, atagundua pengo ambalo sikio lilipita bila kulihisi. Darasa zima liweza pia kuchora ramani ya mji, likitia alama mahali ambapo ngano zasema mambo yalitukia: hospitali, kituo cha zimamoto, barabara kuu.

Tahadhari mbili zahitajika. Watoto wadogo wasitiwe hofu, na asitajwe jirani yeyote kuwa mumiani, hata kwa mzaha. Maana jambo hili si mchezo. Mwaka 2017, katika wilaya za Mulanje na Phalombe kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu wawaue wenzao waliowashuku, hata Umoja wa Mataifa ukawahamisha watumishi wake kutoka huko. Kujua herufi peke yake hakumkingi mtu na balaa kama hilo. Kinga ni mazoea ya kuuliza, "Nani aliona?"

Methali yetu yanena, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mnyonya damu hakuwapo. Lakini hofu ilikuwapo, na sababu zake zilikuwapo. Mwanafunzi atakayeweza kuyatenga hayo mawili hatawadharau wazee waliosimulia, wala hatainua jiwe juu ya mgeni asiyemjua.