Malale Mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika: Nani Alilipa Gharama ya Tiba?

Nikishuka kutoka Buyenzi kwenda ziwani, ninapita katika mji ambao zamani za Wajerumani uliitwa Usumbura. Wengi wetu tumesoma kwamba ulikuwa kituo cha jeshi. Wachache wanajua kwamba mwambao huu ulikuwa pia mahali pa kupambana na malale, ugonjwa unaoshambulia ubongo. Katika insha hii nitaonyesha kwamba chanzo cha malale kilijulikana upesi, lakini tiba ya kuaminika ilichelewa sana, na gharama ya kuchelewa huko ililipwa na wagonjwa.

Malale huanza kwa homa na kuvimba tezi za shingo. Vimelea vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili hubadilika, na asipotibiwa hufa. Kuanzia mwaka 1900 hivi, ugonjwa huu uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria. Huko Entebbe, Aldo Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba vinaenezwa na mbung'o. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Karl Kleine akathibitisha kwamba vimelea hukua kwanza ndani ya mbung'o kabla hajaweza kuambukiza mtu.

Basi, katika muda usiofika miaka 10, chanzo kilijulikana. Je, tiba? Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Robert Koch aliwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Vimelea vilitoweka kwenye damu, watu wakapata matumaini. Lakini wengi waliugua tena, maana dawa haikuweza kuviua vilivyokwisha kuingia kwenye ubongo. Kipimo kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka.

Baadaye Wajerumani walifungua vituo vya malale mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, Usumbura ikiwa miongoni mwake. Watu walipapaswa shingo, wakapimwa damu, wakachomwa Atoxyl, na vichaka vya ufukoni vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Wagonjwa wengine walitoroka. Ni rahisi kuwaita wakaidi, lakini mimi sikubali. Mtu aliyesikia kwamba sindano inaweza kumpofusha, na akaona mwenzake anakufa ingawa alitibiwa, alikuwa na sababu ya kuogopa.

Dawa ya melasoproli, iliyopatikana mwaka 1949, iliweza kufika kwenye ubongo, lakini nayo ilikuwa na aseniki na iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100. Ni mwaka 2018 tu ndipo vidonge vya feksinidazoli vilipoidhinishwa, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tangu Castellani, zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita.

Vitabu vinataja Koch, Bruce na Kleine, nao wanastahili. Lakini kila hatua ya elimu hiyo ilipatikana kwenye miili ya wavuvi na wakulima wa maziwa yetu, ambao majina yao hatuyajui. Kwa maoni yangu, historia ya malale haijakamilika mpaka nao wahesabiwe.