Gogogo na Majina ya Watu Wengine

Ukitaka kuona jina linavyoweza kukaa kwenye mwili usio wake, waache kidogo wahusika wa riwaya, mtazame gogogo wa Ziwa Tanganyika. Ni kambare mdogo mwenye sharubu, madoa meusi, na mwiba kwenye pezi la ubavuni anaousugua mpaka utoe mlio. Jina lake la Kiswahili unaweza kulielewa kwa masikio tu.

Jina la vitabuni lilitoka mbali. Mwingereza J.E.S. Moore alikusanya samaki ziwani humo miaka ya 1890, na huko London George Boulenger akawapa majina. Mwaka 1898 mmoja wao akawa Synodontis multipunctatus, yaani mwenye madoa mengi. Jina la kivivu, kusema kweli, maana ndugu zake nao wana madoa. Mwaka 1959 Hubert Matthes akampa jina ndugu mwingine mdogo zaidi: Synodontis petricola, mkaa mawe.

Halafu ikaja biashara. Miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura, akisafirisha samaki wa ziwa hilo kwa wafugaji wa ng'ambo. Kuanzia hapo maandishi ya juu ya mfuko wa plastiki yalisomwa na watu wengi kuliko kitabu cha Matthes. Na kifaranga cha sentimita tatu hakiji na cheti cha kuzaliwa: wote wana madoa, wote wana mapezi meusi yenye ukingo mweupe.

Mtazame tumboni. Madoa ya petricola yanashuka mpaka chini; tumbo la multipunctatus ni jeupe, halina doa, na jicho lake ni kubwa. Ukikosea hapo utalipa baadaye. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza kwamba multipunctatus hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea watoto mdomoni. Mama anayaokota yote. Vifaranga vya gogogo vinaanguliwa mapema, vinawala watoto wa mwenyeji humohumo mdomoni, na mama anaendelea kulea. (Ndiyo, mtafiti anaitwa Sato, na waliotendewa ni ukoo mmoja na sato wetu wa Mwanza. Sijaitunga mimi.) Petricola hana tabia hiyo. Mfugaji aliyeuziwa huyu kwa jina la yule anaweza kungoja kizazi cha samaki wake wengine asikione.

Mpaka hapo ungedhani tumbo limemaliza kesi. Wapi! Mwaka 2006 Jeremy Wright na Lawrence Page, wa Florida, walipitia upya gogogo wote wa Tanganyika. Wale waliokuwa wakiuzwa miaka nenda rudi kama "petricola wafupi" walikuwa spishi nyingine kabisa, isiyokuwa na jina. Wakaiita lucipinnis, kwa sababu ya mabaka angavu kwenye mashina ya mapezi. Na ndani ya jina la Boulenger nako alikuwamo mpangaji: grandiops, mwenye macho makubwa zaidi. Mmojawapo wa ushahidi ni kuhesabu miale laini ya pezi la ubavuni, saba badala ya nane. Nani dukani anahesabu hayo kwa kifaranga kinachokimbia?

Kinachonisumbua mimi ni maandishi. Wafugaji wa zamani waliandika kwa uangalifu mkubwa: joto la maji, idadi ya mayai, siku za kuanguliwa. Juu ya ukurasa waliandika "petricola". Madoa ya tumboni hayawezi kutusaidia, kwa kuwa lucipinnis naye anayo. Kama mwandishi hakutaja shina la pezi wala hakuacha picha, basi tunasoma maisha ya samaki ambaye hatuwezi kusema alikuwa nani, na mwenyewe hayupo tena kugeuzwa.