Konzo: muhogo wa njaa ya Tarime na ubongo wa mtoto

Mwaka 1985 ukame uliibana wilaya ya Tarime, Tanzania, na watu waliokuwa wazima jana wakajikuta miguu imekakamaa. Aliyeweza kutembea alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine walitambaa.

Tarime ya wakati huo ilifika hadi Ziwa Victoria, maana Rorya haikukatwa mpaka 2007, na hospitali ya Wamenoniti ya Shirati ilikuwa ndani yake. Daktari Glen Brubaker wa Shirati alichunguza wagonjwa pamoja na William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Msweden Hans Rosling. Rosling alikwisha kuyaona haya Nampula, Msumbiji, ambako mwaka 1981 walihesabiwa wagonjwa 1,102. Matokeo ya Tarime yalichapishwa mwaka 1990: ni konzo, ugonjwa ulioandikwa na daktari Trolli huko Kwango, Kongo, tangu 1938. Chanzo ni muhogo mchungu ulioliwa kabla sumu haijatoka.

Mkulima ana sababu ya kuupanda: nyani hawaushambulii sana, wala mwizi. Sumu yake huondoka ukilowekwa, ukavundikwa na kuanikwa ipasavyo. Lakini ukame huiongeza sumu ndani ya mzizi wakati uleule ambapo mahindi yamekauka na watoto wanalia njaa. Siku za kuusindika hufupishwa. Sioni wa kumlaumu jikoni hapo.

Mwili una kinga yake. Huichukua sayanidi, ndiyo sumu hiyo ya muhogo, ukaiunganisha na salfa itokayo kwenye protini, ikawa thayosayanati, ambayo si kali hivyo. Wakati wa njaa samaki, nyama na maharage ni haba, kwa hiyo salfa nayo ni haba. Na hiyo thayosayanati yenyewe si salama kabisa. Mwaka 1999 Peter Spencer wa Oregon, Marekani, alitoa hoja kwamba huvichochea kupita kiasi vipokezi vya neva viitwavyo AMPA, hadi neva zinazoamrisha miguu zikaharibika.

Hapo ndipo hadithi ya miguu inapoingia kichwani. Mwaka 1973 wanasayansi Bliss na Lømo walieleza jinsi neva za sungura zilizosisimuliwa mfululizo zilivyoimarisha mawasiliano yao kwa saa nyingi. Baadaye ikajulikana namna: kipokezi cha NMDA hufunguka, kalsiamu huingia, na vipokezi zaidi vya AMPA hupandishwa juu ya sinapsi, pale neva moja inapopokea ujumbe wa nyingine. Hivyo ndivyo ubongo unavyoanza kuhifadhi jambo. Kipokezi anachokituhumu Spencer kwenye konzo ndicho mtoto anachokihitaji ili akumbuke somo la jana.

Je, watoto wa muhogo mchungu wanaumia huko pia? Mwaka 2013 Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo aliyekuwa akifanya kazi Oregon, walitoa majibu ya vipimo vya watoto wa Kahemba, huko Kongo. Wenye konzo walikuwa nyuma katika vipimo vya akili. La kushtua zaidi ni kwamba hata watoto wenye miguu mizima kutoka familia zenye konzo walizidiwa na wenzao wa eneo lisilo na ugonjwa.

Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya kutambua konzo, vya mwaka 1996, ni vitatu: mwendo wa kukakamaa, kuanza ghafla bila kuendelea kuzidi, na magoti au vifundo kuruka mno vikigongwa. Hakuna kinachouliza habari za kichwa. Kwa maoni yangu hesabu ya wagonjwa kwa vigezo hivyo ni pungufu, kwa sababu mtoto anayekimbia vizuri huku akishindwa darasani haingii popote.

Konzo haina tiba, lakini kinga ipo. Ugonjwa ulipoibuka tena Mtwara, Mlingi huyohuyo alishiriki kufundisha njia ya Howard Bradbury wa Australia, inayopunguza sayanidi mara tatu hadi sita. Basi ukisaga muhogo mchungu mwaka wa njaa, changanya unga na maji, utandaze mwembamba juu ya mkeka, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha ndipo usonge ugali.