Milango Ilikuwa Wazi Mwaka Gani? Bondo na Kumbukumbu ya Usalama

Penye kikao chochote cha watu wazima Bondo, mwambao wa Ziwa Victoria nchini Kenya, iwe matangani au chini ya mti karibu na soko, mazungumzo hayakawii kufika zamani. Zamani watu walilala milango wazi. Mtoto alikula palipoiva, hata kama si kwao. Msichana alitumwa ziwani jioni akarudi salama. Mwizi wa ng'ombe alijulikana kwa jina lake na la babu yake. Wanaosema haya wanazungumzia maisha waliyoyaishi, na ni utovu wa heshima kuwapuuza. Ila kuna swali la kuwauliza kwa adabu: ilikuwa mwaka gani?

Chukua mtu wa miaka sabini hivi leo. Alizaliwa ukoloni ukikaribia mwisho, wakati Kisiwa cha Mageta, mkabala na ufuo wa Usenge, kilipokuwa kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Akakua na uhuru. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo, akajiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya akauawa kwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, vurugu zikazuka, na umati ukamiminiwa risasi. Serikali ilitangaza vifo 11. Wenyeji hadi leo wanataja idadi kubwa zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, naye Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971.

Kijana wa miaka kumi na minne alikulia ndani ya mambo hayo. Huenda mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi kweli. Lakini hofu ilikuwapo, na ilitoka juu, serikalini. Watu hawaihesabu wanapozungumzia usalama, kwa sababu usalama wanaoukumbuka ni ule wa jirani kwa jirani. Tofauti hiyo ina uzito, nami nitairudia.

Basi twende nyuma zaidi, kwa wazazi wa mzee huyo. Miaka ya 1940 Jaramogi, akiwa mwalimu Maseno, aliwashawishi wenzake kuchanga fedha katika chama kidogo cha akiba cha Bondo, ambacho mwaka 1947 kilizaa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Watu hawaundi vyama vya namna hiyo wanapokuwa wameshiba na wametulia. Biashara ilikuwa mikononi mwa wachache, kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na wanaume wenye nguvu walikuwa Nairobi, Mombasa au kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Boma lililojaa watu, tunalolipenda sana katika masimulizi, mara nyingi lilijaa wanawake, watoto na wazee. Baba alirudi kwa likizo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, nzige walikuwa wamekula mashamba ya Nyanza na njaa ikafuata.

Hata katika miaka hiyo watu walilia zamani. Paul Mboya, kiongozi wa Karachuonyo ng'ambo ya Ghuba ya Winam, alichapisha mwaka 1938 kitabu cha mila za Waluo, Luo Kitgi gi Timbegi. Aliziandika kwa sababu aliona zinaponyoka. Wazee wa siku zake waliona kwamba vijana wameharibika kwa shule, kanisa na mishahara, na vijana hao ndio waliokuja kuwa babu wanaosifiwa leo kwa adabu yao.

Ndivyo ilivyo kwa samaki pia. Mzee atakwambia ngege (perege) walijaa ziwani mpaka mbuta (sangara) alipoletwa akawamaliza. Ni kweli kwamba mbuta alitiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji yote. Lakini mtafiti Mwingereza Michael Graham alipopima uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alikuta ngege tayari wamepungua kwa sababu ya nyavu za kisasa zilizoingia mwanzoni mwa karne. Ziwa ambalo mzee analikumbuka limejaa, babu yake angesema limepungua.

Nyuma ya hapo mambo ni mazito zaidi, na sitakaa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Waingereza walituma misafara ya kuadhibu watu wa mwambao huu, wa Sakwa, Seme na Uyoma wakiwamo, wakanyang'anya mifugo. Mara baada ya mwaka 1900 ugonjwa wa malale ukaenea kandokando ya ziwa. Upande wa Uganda peke yake uliua zaidi ya watu 200,000, na mwambao wetu nao ulipoteza watu, vijiji vya karibu na maji vikahamwa.

Kabla ya wakoloni je? Huko ndiko wengi wanakoiweka paradiso. Ushahidi uko ardhini. Thimlich Ohinga, kule Migori, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, unene wa mita 1 hadi 3, na mahali pengine kimo chake kinapita mita 4. Malango yake ni madogo, mtu hawezi kuingia mbio. Upande wa Siaya watu walichimba mahandaki na kuinua matuta ya udongo kuzunguka makazi yao. Nani angebeba mawe mengi kiasi hicho kama majirani wote walikuwa wema? Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Gem, na William Ochieng', aliyezaliwa Yimbo na kuandika historia ya Kadimo, walikusanya masimulizi ya wazee, na masimulizi hayo yamejaa ukoo uliofukuza ukoo, ugomvi wa malisho na uvamizi wa ng'ombe. Wakiwa ndani ya boma, watu waliaminiana. Nje ya ua wa mnyaa na miiba, mtu alitembea na mkuki.

Hapo ndipo ninapoanza kuwaelewa wazee. Ndani ya boma kulikuwa na kitu cha kweli. Simeon Ominde, ambaye baadaye aliongoza tume maarufu ya elimu ya mwaka 1964, alichapisha mwaka 1952 kitabu kidogo kuhusu malezi ya msichana wa Kiluo. Humo ameieleza siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala pamoja, wakategeana vitendawili, wakasimuliwa ngano na kufunzwa namna ya kuishi na watu. Wavulana wakubwa walikuwa na simba yao karibu na lango, na wanaume walikutana jioni kwenye duol ya mwenye boma. Kila mtoto alikuwa na mahali pa kulala panapojulikana na mtu mzima wa kumuuliza ametoka wapi. Huo ni ulinzi, tena ulinzi hasa, na haukutegemea kufuli.

Hata hivyo bibi hakuwadanganya watoto kwamba dunia ni salama. Ngano za siwindhe zimejaa mazimwi, mabinti waliopotea na wake wenza wenye chuki. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alichukua moja ya ngano za Waluo akaiandika upya katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder: binti wa mtemi anatolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, na baba yake ndiye anayetoa idhini. Bibi aliyesimulia hadithi ya namna hiyo gizani alijua kwamba hatari nyingine huanzia nyumbani. Mjane ambaye ukoo ulimchagulia mume, au msichana aliyeozwa kabla ya kuulizwa, naye aliishi ndani ya boma hilohilo lenye amani. Sauti zao hazisikiki sana matangani.

Na kuna kifo cha watoto, ambacho masimulizi yetu ya zamani yanakipita kimyakimya. Wakati wa uhuru, zaidi ya mtoto mmoja kati ya saba nchini alikufa kabla ya kufikisha miaka 5, na huku ziwani malaria ilifanya hali kuwa mbaya zaidi. Akina mama walizaa wanane wakazika watatu. Anayesema watoto wa zamani walikuwa na afya anawakumbuka waliobaki.

Ningeweza kuishia hapa na kusema zamani ya wazee haikuwapo. Lakini takwimu hizo zina upande wa pili, na mtu wa Bondo anaujua hata kama hajawahi kuzisoma. Kuanzia uhuru vifo vya watoto Kenya viliendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1989 ulikuta watoto 89 wakifa kabla ya miaka 5 katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Halafu mkondo ukageuka. Mwaka 1998 walikuwa 112. Mwaka 2003, 115. Katika Mkoa wa Nyanza hesabu ya mwaka 2003 ilikuwa 206. Watafiti wa KEMRI na CDC waliokuwa wakifuatilia familia za Asembo, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Bondo, pamoja na Gem jirani, walipata kwamba kwa hali ya vifo ya mwaka 2002 mtoto mchanga angetarajia kuishi miaka 38.

Miaka 38. Ukimwi ulikuwa umeingia. Uliwakuta akina mama wakingoja mitumbwi kwenye fuo za mbuta, fedha za samaki zikizunguka na wanaume wakihama ufuo hadi ufuo. Mwanamke asiye na mtaji alipata samaki kwa kumpa mvuvi mwili wake, mpango unaoitwa jaboya. Ukimwi ulichukua walimu, wavuvi, manesi, baba na mama kwa mfuatano. Maboma yakabaki na makaburi mapya mbele ya nyumba, na bibi mmoja na wajukuu sita.

Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 2003 kwamba zamani palikuwa salama alikuwa sahihi kabisa. Kulikuwa na kipindi kifupi, tuseme tangu miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambapo watoto walipona kwa wingi kuliko wazazi wao walivyopona, shule zilijaa, na watu wazima walikuwapo. Hao ndio walinzi waliokuwa wakiulizana mtoto wa fulani yuko wapi. Milango ilipofungwa, ni kwa sababu waliokuwa wakiichunga njia walikuwa wamezikwa. Wizi, mimba za utotoni, watoto kuacha shule kwenda kuvua: tunayaita kuporomoka kwa maadili, wakati sehemu kubwa yake ni pengo lililoachwa na kizazi kilichokufa kabla ya kumaliza kulea. Ninaamini kwamba mengi ya yale tunayoyasikia matangani kuhusu zamani ni msiba ambao haujapewa nafasi ya kuitwa msiba.

Mkondo umegeuka tena. Jaribio la vyandarua vyenye dawa lililofanywa Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990 lilipunguza vifo vya watoto kwa karibu moja ya sita, na matokeo yake yakasaidia kusambaza vyandarua Afrika nzima. Dawa za ARV zilianza kutolewa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya watoto nchini vimeshuka hadi 41 kwa kila 1,000. Mtoto anayezaliwa Bondo leo ana nafasi ya kukua ambayo hakuna mtoto wa zamani yoyote aliyekuwa nayo.

Bondo imejaa kumbukumbu za wakubwa. Kang'o ka Jaramogi, alikozikwa Jaramogi mwaka 1994 na mwanawe Raila Oktoba 2025, hakukosi wageni. Uhamiaji wa Ramogi, babu wa Waluo, na vita vya koo vimeandikwa vizuri na wanahistoria wetu. Lakini walioshikilia maboma kati ya 1990 na 2005 ni akina mama wazee, na wanazidi kutuacha. Mji una chuo kikuu chenye jina la Jaramogi, kilichopata hati yake mwaka 2013, kikiwa na wanafunzi wengi waliolelewa na bibi hao. Wanafunzi hao wapewe vinasa sauti, waende Usenge, Uhanya na Wichlum, wawaulize akina bibi walikula nini, nani alilipa karo, nani alilala mlangoni usiku, na waandike majina ya waliozikwa kabla hayajasahauliwa.