Gazeti la Senti Kumi: Bei, Habari na Starehe Dar es Salaam, 1961–1964

Ukimuuliza mzee wa Dar es Salaam habari za miaka ya mwanzo ya uhuru, hachelewi kukutajia bei. Atakwambia nauli ya basi ilikuwa kiasi gani, ratili ya sukari kiasi gani, doti ya kanga kiasi gani, kisha atahitimisha kwamba maisha yalikuwa rahisi. Kumbukumbu hizo zimeingia katika vitabu, tasnifu na vipindi vya redio bila kuhojiwa vya kutosha. Hoja ya makala hii ni kwamba bei ya mwaka 1962 haituelezi lolote mpaka tuulize maswali mawili: mnunuzi alikuwa analipwa kiasi gani, na baada ya kununua, kile kitu kilitumiwa na watu wangapi? Swali la kwanza linapunguza sana sifa ya urahisi wa maisha. Swali la pili linaonyesha jinsi mji wa watu wenye kipato kidogo ulivyoweza kushiba habari, muziki na sinema.

Tuanze na fedha yenyewe. Shilingi iliyotumika Tanganyika ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ileile iliyotumika Kenya, Uganda na Zanzibar, na shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Bodi hiyo ilihama London na kuja Nairobi mwaka 1960, lakini shilingi ya Tanzania haikutoka mpaka Juni 1966, baada ya Benki Kuu kuanzishwa. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya uhuru watu waliendelea kufanya manunuzi kwa fedha ya enzi ya ukoloni. Sarafu ndogo za senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na ndizo zilizopita mikononi mwa watu wengi kutwa nzima.

Upande wa mishahara tuna kipimo kizuri. Mwaka 1962 bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth ilichunguza kima cha chini cha mshahara, na kuanzia 1963 kima hicho kikawekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam. Tukichukua siku 26 za kazi na saa nane kwa siku, mfanyakazi huyo alipata kama senti 72 kwa saa. Sasa chukua gazeti la Ngurumo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1959 na Randhir Thaker, mwenye kiwanda cha uchapaji mjini, na kuuzwa kwa senti kumi. Nakala moja iligharimu kama dakika nane za kazi. Kulinunua kila siku ya kazi kwa mwezi mzima kulihitaji shilingi mbili na senti sitini, chini ya asilimia mbili ya mshahara.

Hesabu hiyo inapendeza, na hapo ndipo mtafiti asiye makini hunasa. Shilingi 150 zilikuwa za aliyeajiriwa rasmi na kulipwa kwa mujibu wa sheria. Vibarua, wachuuzi, watumishi wa majumbani na vijana waliokuja mjini kutafuta kazi hawakuwa na uhakika wa kiasi hicho, na kupanda kwa kima cha chini kuliwafanya waajiri wengi, hasa kwenye mashamba ya mkonge, wapunguze watu. Mji nao ulikuwa unafurika. Sensa ya 1957 ilihesabu wakazi 128,742 Dar es Salaam. Ile ya 1967 ikahesabu 272,821. Mji uliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi, na wengi walioongezeka walifikia kwa ndugu.

Tutazame pia jinsi chakula kilivyonunuliwa. Mwenye fedha alinunua mchele kwa gunia. Mwenye kipato cha wiki alinunua kwa pishi, na anayeishi kwa kibarua cha siku alinunua kibaba cha unga, fungu la nyanya, kipimo cha mafuta ya taa cha kuwasha kibatari usiku mmoja. Anayenunua kidogo kidogo huishia kulipa zaidi kwa kitu kilekile, na mwisho wa mwezi jina lake linakuwa kwenye daftari la mwenye duka. Orodha ya bei haionyeshi daftari hilo. Haionyeshi pia kwamba uhuru ulikuja katika kipindi kigumu cha hali ya hewa: ukame wa 1961 ulileta njaa sehemu nyingi za nchi, mahindi ya msaada yakaletwa kutoka Marekani, kisha mvua za mwishoni mwa mwaka huohuo zikamwagika kupita kiasi, hata Ziwa Viktoria likaanza kupanda kwa kiwango kilichofikia mita mbili na zaidi kabla ya 1964 kwisha. Mtu aliyeyapitia hayo na bado akasema maisha yalikuwa rahisi hasemi uongo. Ila naamini anazungumzia kitu kingine kuliko bei.

Anazungumzia, kwa maoni yangu, namna vitu vilivyotumiwa kwa pamoja. J.A.K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya uchunguzi wa Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1963, anatuonyesha mji wa wapangaji wa vyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ilikuwa na korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wa nyuma wenye jiko na choo cha wote, na mbele baraza ya saruji. Katika nyumba ya namna hiyo vitu vichache sana vilikuwa vya mtu mmoja. Redio ya mpangaji mmoja ilisikika vyumba vyote sita, na gazeti lililoingia asubuhi lilikuwa limeshapita mikono mingi kabla ya adhuhuri.

Ngurumo lenyewe lilikuwa gazeti jembamba, kwa kawaida kurasa nne, na habari zake fupi ziliandikwa kwa Kiswahili cha mjini kisichohitaji kamusi. Wengi nchini walikuwa hawajui kusoma wakati huo, lakini hilo halikulizuia gazeti kuwafikia. Kwenye kibanda cha kinyozi, kwenye hoteli ya chai na maandazi, kwenye baraza ya kahawa baada ya magharibi, alikuwapo mmoja aliyesoma kwa sauti na wengine waliosikiliza, wakamkatiza, wakamtaka arudie, wakabishana. Msomaji huyo alikuwa na heshima yake. Alichagua aanze na lipi, alitilia mkazo alipopenda, na mashairi na barua za wasomaji alizisoma kwa mahadhi. Anayepima nguvu ya gazeti la Kiswahili la wakati ule kwa idadi ya nakala zilizochapwa anaipunguza nguvu hiyo mara kadhaa.

Magazeti yalikuwa mengi kwa mji wa ukubwa ule. Tanganyika Standard lilikuwapo tangu 1930, kwa Kiingereza. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilifikia mwisho wake 1963, na kwa kufa kwake tulipoteza uwanja mkongwe wa ushairi. Uhuru, gazeti la TANU, lilitoka kwa jina hilo siku yenyewe ya uhuru. Kiongozi la Kanisa Katoliki lilikuwa na wasomaji wake bara. Mtu wa baraza aliyasikia yote haya yakinukuliwa, na mara nyingi hakuwa amenunua hata moja.

Redio ilikwenda mbali zaidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza Julai 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na 1965 ikawa Redio Tanzania. Lakini msikilizaji wa 1962 hakuwa na kituo kimoja tu. Cairo ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1954, BBC tangu Juni 1957, Sauti ya Amerika ikaingia 1962 na Ujerumani 1963. Mwenye hoteli aliyeweka redio mezani alijua anachofanya: saa ya taarifa ya habari viti vilijaa, na aliyekaa alipaswa kuagiza walau kikombe cha chai. Kwa bei ya chai hiyo, mtu asiye na redio alisikia London na Cairo zikipingana kuhusu Kongo baada ya Lumumba kuuawa Januari 1961, akajiamulia nani amwamini. Hiyo ilikuwa elimu ya siasa ambayo hatujaipa nafasi yake katika historia yetu ya elimu ya watu wazima.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na Rashidi Kawawa akachukua nafasi yake. Januari 1964 mambo yalikuja kwa kufuatana: tarehe 12 mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 20 maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, ambao miongoni mwa madai yao ilikuwa mishahara, na tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza wakaingia kuyazima. Katika siku kama hizo mtu hutafuta watu wa kusikiliza nao, ili kilichotangazwa kipimwe palepale na ya kweli yatengwe na ya uvumi.

Starehe nayo ilifuata mkondo uleule. Sinema za mjini kama Empire, Avalon, Empress na Odeon zilipanga viti kwa bei, na waliokaa mbele chini, karibu na pazia, walilipa kidogo kuliko wote. Filamu za Kihindi ndizo zilizovuta watu wa kila kabila. Mother India ya 1957 na Awaara ya Raj Kapoor zilitazamwa na watu wasiojua Kihindi, na walizielewa. Aliyeingia alitoka na hadithi nzima, nyimbo zikiwemo, akaisimulia uani kwa ambao hawakupata nafasi. Wanawake waliofungwa na desturi ya kutochanganyika na wanaume walikuwa na maonyesho yao ya mchana, lakini wengi waliipata filamu kwa kusimuliwa. Mahadhi ya filamu hizo yaliingia hata katika taarabu ya pwani, na Juma Bhalo wa Mombasa ni mfano mashuhuri.

Kwenye dansi, mji ulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz, na kutoka Morogoro sauti ya Salum Abdallah na Cuban Marimba ilifika kila mahali penye santuri au redio. Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, ulikuwa na kiingilio, ila muziki haukuishia mlangoni, na waliosimama nje walicheza. Mwaka 1964 yalitokea mabadiliko yanayostahili kuandikwa peke yake: chama kipya cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na wanamuziki wa NUTA Jazz wakawa watu wa kulipwa mshahara kwa mwezi. Tangu hapo gharama ya starehe ilianza kubebwa na chama na, baadaye, na mashirika ya umma, jambo lililoutengeneza muziki wa Tanzania kwa miaka ishirini na zaidi.

Hoja hii ina mipaka yake. Baraza ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliyepika uani alisikia redio kwa mbali na kusimuliwa gazeti na mumewe, kama mume alitaka kusimulia, na lele mama na ngoma za wanawake, ambako habari za upande wao zilipitia, hazikupata mwandishi wa kila siku. Kijijini hali ilikuwa tofauti zaidi: redio moja kwa kata, na betri zikiisha kimya. Kusikilizishwa nako kulikuwa na hasara, maana asiyesoma mwenyewe alitegemea uaminifu wa msomaji. Siyafichi haya, na mtafiti atakayeyafuatilia atatusahihisha wengi.

Aliyekuwa na miaka 20 siku bendera ya Tanganyika ilipopandishwa alizaliwa 1941. Waliobaki ni wachache na muda ni mfupi. Nawasihi wanafunzi na walimu wa historia wanaokwenda kuwahoji waache kuishia kwenye swali la kitu kiliuzwa bei gani. Waulize nani alilipa, fedha ilitoka wapi, nani alisoma kwa sauti, nani alikaa kusikiliza na nani alifungiwa nje. Na wenye nakala za Ngurumo kwenye masanduku ya marehemu wazazi wao wazipeleke maktaba kabla mchwa hawajazimaliza. Karatasi yake ilikuwa dhaifu, na nakala nyingi zimekwisha kupotea.